Vita vya boksi la keki ya mwezi

*Wachina wamepelekeana keki hii kwa karne nyingi. Sasa serikali inapima boksi lake kwa rula, walanguzi wanafanya biashara ya vocha zake, na vijana wanalalamikia utamu wake.*

Septemba 2016, kwenye makao makuu ya kampuni ya Alibaba mjini Hangzhou, wahandisi wanne wa kitengo cha usalama wa mifumo walipoteza kazi kwa sababu ya keki.

Kampuni ilikuwa imempa kila mfanyakazi boksi moja la keki za mwezi kwa ajili ya sikukuu. Maboksi yaliyobaki yaliwekwa kwenye tovuti ya ndani, anayetaka la ziada alinunue kwa bei ya gharama. Wanunuzi walikuwa wengi, maboksi machache. Wahandisi hao wakaandika programu fupi ya kubofya kwa niaba yao, na ikazoa maboksi 124. Ajira zao hazikuiona kesho yake.

China nzima ikabishana. Wapo waliosema adhabu imezidi kosa. Wapo waliosema mlinzi wa mifumo anayetumia ujuzi wake kuruka foleni hafai kulinda mlango wa mtu. Swali ambalo mgeni angelianza nalo halikumshughulisha mtu: watu wenye mishahara minono wanahangaikia nini keki ambayo wengi wao, ukiwauliza, watakwambia ni tamu kupita kiasi na inakinaisha?

Jibu ni kwamba keki ile kazi yake kubwa si kuliwa. Ni ya kupelekwa: kwa wakwe, kwa mwalimu wa zamani, kwa mteja mkubwa, kwa bosi, kwa daktari aliyemtibu mama. Nyingine hupelekwa, zikapelekwa tena na aliyepelekewa, na boksi likarudi mtaa lilikotoka bila kufunguliwa.

Mwezi wa kumi na tano

Sikukuu yenyewe ni Zhongqiu, katikati ya majira ya mapukutiko, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya jadi ya China. Msomaji aliyezoea kutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani anaifahamu nusu ya hesabu hiyo. Nusu ya pili ni tofauti: Wachina huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ili sikukuu zao zisizunguke misimu kama Idi inavyozunguka.

Ndiyo maana Zhongqiu haitoki kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Mwaka 2024 ilikuwa Septemba 17. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulihesabiwa mara mbili, sikukuu ikasogea hadi Oktoba 6. Mwaka 2026 inarudi Septemba 25. Na ikiwa sisi wa pwani humsifu mrembo kwa mwezi wa kumi na nne, wao husubiri wa kumi na tano, kwa kuwa huanza kuhesabu siku mwezi ukiwa bado umefichika, nasi huanza ukishaandama.

Usiku huo mwezi ni mduara kamili, na keki ni mduara. Familia nayo inatakiwa iwe kamili. Watoto huwasha kandili za karatasi, watu wa kusini humenya mabalungi, na wazee husimulia habari za Chang'e, mwanamke aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa hadi mwezini na kumwacha mumewe duniani. Hadithi hiyo haijazeeka: chombo cha kwanza cha China kuuzunguka mwezi, mwaka 2007, kilipewa jina lake.

Kuna na ngano ya kisiasa. Inasemekana katika karne ya 14, Wachina waliochoshwa na utawala wa Wamongolia walificha ujumbe wa maasi ndani ya keki hizi, wakazisambaza nyumba hadi nyumba, na usiku wa mbalamwezi wakainuka. Nasaba ya Ming, iliyowang'oa Wamongolia, ilianza kweli mwaka 1368. Ujumbe ndani ya keki haumo katika maandishi ya wakati ule, na wanahistoria huichukulia habari hiyo kama hadithi iliyobuniwa baadaye. Ni hadithi nzuri hata hivyo, na inafanana na keki yenyewe, ambayo huwezi kujua kilichomo mpaka uikate.

Kilichoandikwa kweli ni jambo dogo zaidi. Katika karne ya 16 mwandishi Tian Rucheng alitunga kitabu kuhusu Ziwa Magharibi na maisha ya mji wake. Humo alieleza kwamba siku ya 15 ya mwezi wa nane watu hupelekeana keki za mwezi kama alama ya kukutana kwa jamaa. Mji wake ulikuwa Hangzhou, uleule wa Alibaba.

> Katika karne ya 16, watu wa Hangzhou walikuwa tayari wakipelekeana keki za mwezi.

Nalitaja hilo kwa sababu kila mwaka, sikukuu ikikaribia, husikika kilio kwamba zamani keki ilikuwa chakula cha familia na sasa biashara imeigeuza zawadi. Tian hakubaliani. Kupelekeana si doa lililoingia baadaye. Kulikuwapo tangu keki na sikukuu vilipounganishwa. Anayeijua pwani wakati wa Ramadhani, sinia likivuka uchochoro limefunikwa kawa na sahani ya jirani isirudi tupu, haelezwi zaidi.

Kama kuna kilichopotea, mimi nadhani ni kisu.

Mgawo wa asiyekuwepo

Keki ya kale ya sikukuu ilikuwa kubwa, moja kwa nyumba. Ilitengwa mezani uani pamoja na matunda, mbele ya mwezi. Beijing walikuwa na desturi ya kukata tikiti kwa meno-meno mpaka linafanana na ua la yungiyungi. Ibada hiyo ilikuwa ya wanawake; wanaume wa Beijing hawakutakiwa kuusujudia mwezi, kama wanawake wasivyotakiwa kuongoza sadaka ya mungu wa jikoni.

Mwezi ukipanda, mwanamke wa nyumba alishika kisu. Kabla ya kukata alihesabu. Hakuhesabu waliokaa mezani tu, bali wote wa nyumba ile: aliyekwenda kufanya biashara mkoa mwingine, aliyeko jeshini, kijana aliyeko masomoni. Vipande vilitakiwa kulingana na hesabu hiyo na vilingane ukubwa, na kipande cha asiyekuwepo kiliwekwa kando. Liu Ruoyu, towashi wa ikulu ya Ming aliyeacha maelezo ya maisha ya ndani ya kasri, anasema keki iliyobaki ilihifadhiwa mahali pakavu penye hewa hadi mwisho wa mwaka, ndipo familia ikagawana.

Keki ya leo ni ya kiganja, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, kila moja na trei yake. Kila mtu huchukua yake. Hapakatwi kitu, na hakuna anayelazimika kuhesabu.

Maji ya magadi na yai la bata

Inayojulikana zaidi duniani ni keki ya Guangdong, kusini. Kuitengeneza kunaanza wiki kadhaa kabla, kwa kuchemsha sukari na limau hadi shira iwe ya rangi ya kaharabu, kisha kuiacha itulie. Shira hiyo huchanganywa na unga, mafuta ya karanga na maji ya magadi kidogo. Magadi ndiyo yanayoipa ngozi ya keki rangi yake ya dhahabu iliyokolea. Yakizidi, mlaji anahisi sabuni ulimini.

Ndani mna rojo la mbegu za yungiyungi: mbegu zimetolewa chipukizi lake chungu, zikachemshwa, zikasagwa, zikakaangwa na sukari na mafuta kwa mwiko mpaka rojo linang'oka lenyewe kwenye karai. Katikati ya rojo huzikwa kiini cha yai la bata lililolowekwa kwenye chumvi wiki kadhaa, kimekuwa kigumu, chekundu kama jua la machweo, kinatoa mafuta. Mkahawa wa Lianxianglou wa Guangzhou, uliofunguliwa mwaka 1889, umejijengea jina kwa rojo hilo.

Ngozi ni nyembamba mno, rojo ni jingi. Fundi hulibana donge ndani ya kalibu ya mbao iliyochongwa maua, halafu huigonga kalibu mezani: kushoto, kulia, mbele. Keki inaanguka na maua yake. Inaokwa kidogo, inapozwa, inapakwa yai, inarudi ovenini.

Ikitoka bado hailiwi. Ngozi ni kavu na inavunjika. Lazima ikae siku mbili tatu, mafuta ya ndani yapande juu, ngozi ilainike na ing'ae. Keki nzima yenye viini viwili inaweza kubeba kilokalori 800 au zaidi, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtu asiyefanya kazi nzito. Iliumbwa ikatwe, iliwe na chai chungu. Mtu aliyekabidhiwa nzima peke yake ana haki ya kukinai.

Suzhou wana yao ya matabaka membamba yenye mafuta ya nguruwe, Yunnan huweka nyama ya paja iliyokaushwa, Chaoshan hupenda rojo la magimbi. Kaskazini wana keki ya kokwa tano: jozi, lozi, karanga, ufuta, mbegu za tikiti. Hapo kwenye ufuta Mtanzania anaweza kujiona kidogo, maana China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani, na ule wa Lindi na Mtwara sehemu yake kubwa huishia huko, ingawa mwingi hukamuliwa mafuta.

Keki hiyo ya kokwa tano ilipigwa vita mtandaoni mwaka 2013. Vijana waliitaka ifukuzwe ukoo wa keki za mwezi: ngumu, kavu, ya kizee. Wazee wakaitetea. Ulikuwa utani, lakini wauzaji walisikia, na ladha mpya zikazidi kumiminika: chokoleti, duriani, kahawa, hata aisikrimu kutoka kampuni za kigeni zilizokuwa zimeshanusa soko hilo tangu miaka ya 1990.

Keki isiyookwa kamwe

Sasa turudi kwenye boksi, maana humo ndimo pesa ilimo.

China ilipotajirika, keki ya mwezi ikawa njia salama ya kumpa mtu kitu ambacho bahasha ingekitia aibu. Nani atakataa keki ya sikukuu? Boksi likavishwa hariri, likawekewa sumaku, likachongwa kwa mbao za thamani. Ndani, pembeni ya keki, pakaonekana chupa ya pombe kali, pakiti ya majani ya chai ghali, vijiti vya kulia vya fedha. Keki ikawa kisingizio.

Kisha ikaja vocha, ambayo haina hata keki. Hesabu inayosimuliwa sana huko inakwenda hivi. Kiwanda kinachapisha vocha ya yuan 100, kinaiuza kwa wakala kwa 65. Wakala anaiuza kwa kampuni kwa 80. Kampuni inampa mteja wake zawadi ya "100". Mteja hataki keki. Anaiuza kwa mlanguzi kwa 40. Mlanguzi anairudisha kiwandani kwa 50.

Kiwanda kimebaki na 15 bila kuwasha oveni. Wakala kapata 15, mlanguzi 10, mteja 40 taslimu. Kampuni imelipa 80 na kuonekana imetoa 100. Kila mmoja ametabasamu, na hakuna hata gramu moja ya unga iliyokandwa.

> Kiwanda kimepata faida bila kuwasha oveni.

Walioumizwa na mfumo wa zawadi zisizofunguliwa ni wale waliofungua. Mwaka 2001 televisheni ya taifa ilionyesha jinsi kiwanda kimoja mashuhuri cha Nanjing kilivyokuwa kikichukua rojo la keki zilizobaki mwaka uliopita, kulihifadhi, na kulitia kwenye keki mpya. Kiwanda kilifilisika mwaka uliofuata.

Mamlaka ya kodi nayo haikukaa pembeni. Mwaka 2011 wafanyakazi walikumbushwa kwamba keki wanayopewa na mwajiri ni sehemu ya kipato na inatozwa kodi. Vichekesho vya mwaka ule vilijiandika vyenyewe.

Serikali yashika rula

Pigo la kwanza kubwa lilikuja mwaka 2013. Kamati kuu ya nidhamu ya chama tawala, katika kampeni ya Rais Xi Jinping dhidi ya ufisadi, ilipiga marufuku kutumia fedha za umma kununulia keki za mwezi za kupeana. Maboksi ya kifahari yakadoda, na hoteli zilizotegemea oda za idara za serikali zikaona daftari limekauka.

Pigo la pili lililenga boksi lenyewe. Kuanzia Agosti 15, 2022, kiwango cha taifa kinataka kifungashio cha keki za mwezi kisizidi matabaka matatu, kutoka manne. Kwa boksi linalouzwa zaidi ya yuan 100, gharama ya kifungashio isizidi asilimia 15 ya bei, kutoka 20. Madini ya thamani na mbao ghali haziruhusiwi. Keki isiuzwe ndani ya boksi moja na bidhaa nyingine, yaani kwaheri chupa na vijiti vya fedha. Mwaka huohuo mamlaka zilitangaza kwamba boksi la zaidi ya yuan 500, kiasi cha dola 70, litamulikwa kwa karibu.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Misitu, plastiki, taka za sikukuu ya siku moja. Mnunuzi wa kawaida analipia karatasi akidhani analipia keki. Na rushwa hupungua pale ambapo zawadi haiwezi kuficha kitu.

Wafanyabiashara hawapingi kwa sauti, ila wana lao. Msimu wa keki ni wiki chache. Duka linalouza boksi lisilong'aa linashindania zawadi na matunda, chai na vocha za simu. Wabunifu na wachapishaji waliokula kwa maboksi hayo ni watu pia, wana kodi za nyumba. Wengine husema wazi kwamba mtoaji zawadi hataki keki nzuri ndani ya boksi baya. Anataka mama mkwe aone ameheshimiwa.

Upande huo wa mwisho ndio unaonishawishi kuliko nilivyotarajia. Boksi ni lugha ya adabu, na adabu haifutwi kwa rula. Lakini adabu si lazima iwe ya mbao za thamani. Mwaka 2021 keki zilizotikisa mitandao ya China zilitoka hospitali ya afya ya akili ya Shanghai, zilizookwa kwa ajili ya watu wake wenyewe na zisizouzwa kwa umma. Watu walizitaka kwa vicheko na kwa hamu ya kweli, kwa sababu moja tu: hazikuwa zinanunulika. Heshima ilihama kutoka kwenye boksi ikaenda kwenye ugumu wa kuipata keki.

Jani la zongzi

Sheria ile ya 2022 inaigusa pia zongzi, chakula cha Sikukuu ya Mashua za Dragoni, siku ya tano ya mwezi wa tano. Hapo ndipo mambo yanapochekesha. Zongzi ni wali unaonata, wenye nyama au kunazi, uliofungwa pembe nne ndani ya majani ya mwanzi au matete na kukazwa kwa uzi, kisha ukachemshwa saa kadhaa hadi harufu ya jani iingie kwenye punje. Ni chakula kilichozaliwa na kifungashio chake. Hata hicho kilivishwa boksi la zawadi, trei ya plastiki na utepe, mpaka kikahitaji kanuni.

Vyakula vingine vya sikukuu vimenusurika kwa sababu havibebeki. Jiaozi za mkesha wa mwaka mpya huko kaskazini, umbo lake kama vipande vya fedha vya kale, hukunjwa na familia nzima kuzunguka meza moja. Ukizipeleka mbali zinapoa na kugandamana. Tangyuan, vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta mweusi vya siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, huelea kwenye bakuli la maji moto na hapohapo ndipo huliwa. Keki ya mwezi inabebeka, inakaa wiki nyingi, inahesabika. Imelaaniwa na ubora wake.

Foleni ya Huaihai

Ila hata keki ya mwezi ina aina isiyovumilia boksi. Shanghai, katika barabara ya Huaihai, mgahawa mkongwe wa Guangmingcun huoka keki za mtindo wa Suzhou zenye nyama ya nguruwe ya kusaga. Hazina viini vya mayai wala maua. Zinatoka kwenye sahani bapa ya chuma zikiwa za moto, ngozi inapukutika, mchuzi wa nyama unamwagika kidoleni kwa asiye mwangalifu. Zikipoa zimeisha thamani.

Wiki za kabla ya Zhongqiu foleni hapo huchukua saa nyingi. Walio wengi ni wastaafu, wengine na viti vya kukunja. Hununua kwa makumi, huzipeleka nyumbani na kwa ndugu kwa basi, mafuta yakiloanisha karatasi, kabla hazijapoa.

Walanguzi nao wamo humo kwenye foleni, wanapanga mstari kwa niaba ya wasiotaka kusimama. Boksi hawana, tabaka la kupima hakuna, na bei wanayoongeza haiandikwi popote.